Diski Moja Tu: Vile Midirenji ya Kunyooka Huruka, na Kwa Nini Ndiyo Ubebe Ukienda Ocha Asumbi

Kama ocha yako ni Asumbi, unajua vile siku ya tatu ya holide huwa. Ushasalimia kila mtu, dani ashakulisha mpaka tumbo imekataa, bando imeisha, na mtandao unashika tu ukisimama pale chini ya mwembe. Uwanjani kuna mpira mmoja na wasee arobaini wanaungoja.

Sasa kuna mchezo mwingine hauhitaji timu, nyavu wala refa. Unaitwa gofu ya diski. Sheria ni za gofu kabisa, ila badala ya kugonga kampira kadogo na fimbo, unarusha diski ya plastiki. Inapoangukia ndipo unarushia tena, hadi uingize kwa kikapu cha minyororo. Mwenye ametumia mirusho michache ndiye bingwa wa siku.

Shida inaanza ukitaka kununua diski. Ziko mamia, kila moja na jina lake, na wauzaji wengi watakusukumia draiva, zile za kwenda mbali. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kama doo yako inatosha diski moja tu, chukua midirenji ya kunyooka. Hapa chini tunakupa rada yote: ni nini, inaruka aje, na kwa nini ndiyo mwalimu mkali kuliko zote.

Kwanza, huu mchezo ulitoka wapi?

Watu wamerushiana vitu vya duara miaka mingi, lakini gofu ya diski kama tunavyoijua ilipangwa Marekani na mzee mmoja anaitwa Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi Wham-O, kampuni ya Frisbee. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza rasmi ulifunguliwa Oak Grove, California. Mwanzoni target hazikuwa vikapu, zilikuwa tu nguzo. Kila mtu alikuwa anabishana kama diski imegusa nguzo ama imepita kando, ndipo Headrick akaunda kikapu cha minyororo. Alipata hataza yake mwaka 1977. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, alikuwa amekianzisha mwaka 1976.

Na alikuwa ameupenda huu mchezo vibaya sana. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki, yakatengenezwa diski. Si stori ya mtaani, ni ukweli.

Kitu kilichobadilisha vyuma ni mwaka 1983, wakati Dave Dunipace na wenzake wa Innova walitoa diski yenye ukingo mkali uliochongwa, si mviringo kama Frisbee ya watoto. Hapo diski zikaanza kukata hewa na kwenda mbali, na hapo pia zikaanza kugawanyika: za mbali, za katikati, na za karibu.

Pesa nazo zimeingia. Mwaka 2021, Paul McBeth alisaini dili na Discraft ya dola milioni 10 kwa miaka 10. Hiyo ni zaidi ya bilioni moja za Kenya, kwa kurusha plastiki. Lakini mwaka huo huo, kwenye mashindano ya dunia kule Ogden, Utah, McBeth alikuwa anaongoza kwa mrusho mmoja shimo la mwisho. James Conrad akasimama kama mita 75 kutoka kwa kikapu, akarusha, ikaingia straight. Wakaenda tiebreka, Conrad akabeba taji. Alitumia diski gani? Puta, ile ya polepole kabisa. Kumbuka hiyo tukiendelea.

Midirenji ni ya kufanya nini?

Diski ziko za aina tatu kubwa:

1. Draiva: ukingo mpana, mara nyingi sentimita 2 na zaidi kwa zile za mbali kabisa. Zinataka mkono wa kasi.
2. Midirenji: ukingo wa kama sentimita 1.2 hadi 1.4. Ni ya umbali wa kati, na ni ya kulenga.
3. Puta: ukingo mwembamba, umebutuka, ya kumalizia kwa kikapu.

Msee anayeanza, akiwa na midirenji, atafika mita 40 hadi 60 bila kuumia bega. Aliyezoea atafika 75, na wale wakali wanapita 100. Uzito wake kwa kawaida ni gramu 170 hadi 180. PDGA imeweka kipimo: gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana. Kwa hivyo diski ya upana wa sentimita 21.7 haiwezi kupita gramu 180.

Zile namba nne zinamaanisha nini?

Juu ya diski nyingi utapata namba nne. Wasee wengi wanazisoma vibaya, so tuzichambue. Tunaongelea mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihandi, yaani mkono unaanzia upande wa kifua cha kushoto na kufungukia mbele. Kama wewe ni wa kushoto, geuza kila kitu.

Namba ya kwanza ni kasi. Watu wanadhani inamaanisha diski itaenda haraka. Zii. Inamaanisha diski INAHITAJI kurushwa kwa kasi gani ndio ifanye kazi yake. Midirenji huwa 4 au 5. Draiva kubwa huenda 12 na zaidi.

Namba ya pili ni kuelea, kutoka 1 hadi 7. Ikiwa kubwa, diski inakaa hewani ikichukua time yake.

Namba ya tatu ni kugeuka, kwenda kulia mwanzoni diski ikiwa bado na kasi. 0 ni haigeuki, -1 ni kidogo, -5 ni inapotelea kulia kabisa.

Namba ya nne ni kufifia, kwenda kushoto mwishoni kasi ikiisha. 0 ni haisumbui, 5 ni inakata kona kama mathree imeona askari.

Sasa linganisha. Discraft Buzzz, moja ya midirenji zinazopendwa zaidi duniani, ni 5, 4, -1, 1. Innova Mako3 ni 5, 5, 0, 0. Halafu Innova Destroyer, draiva ya mafundi, ni 12, 5, -1, 3.

Cheki namba mbili za mwisho. Buzzz inaenda kulia kidogo, kisha inarudi kushoto kidogo, inaangukia kwa mstari uliolenga. Mako3 haijisumbui hata na hiyo. Hizo ndizo tunaita za kunyooka. Destroyer nayo inataka mkono wa kasi ya 12. Ukiwa na mkono wa kasi ya 6, haitapata hata nafasi ya kugeuka kulia, itaruka moja kwa moja kwenye ile 3 ya kufifia. Unairusha, inapinda kushoto mita 30 mbele, inaingia kwa mahindi ya jirani. Umetumia doo, na hujajifunza kitu.

Kwa nini inanyooka?

Ushawahi cheza pia ukiwa mtoto? Ikizunguka kwa nguvu inasimama wima, ikipunguza mzunguko inaanza kuyumba, inaanguka. Diski ni pia iliyolala. Mzunguko ndio unaishikilia.

Hewa nayo inasukuma diski kutoka chini, lakini haisukumi pale katikati kabisa. Diski ikiwa na kasi, msukumo unakaa nyuma kidogo ya katikati, unataka kuinamisha pua. Kasi ikipungua diski inaanza kushuka, msukumo unahamia mbele, unataka kuinua pua. Na hapa ndipo maajabu yalipo: kitu kinachozunguka ukikisukuma mahali pamoja, kinainama robo duara mbele, kuelekea upande kinakozungukia. Kwa hivyo msukumo wa kuinamisha pua unageuka kuwa kuinamia kulia, na wa kuinua pua unageuka kuwa kuinamia kushoto. Ndio maana diski inaenda kulia kwanza, kisha kushoto.

Diski ya kunyooka imechongwa ukingo wake hadi hiyo misukumo miwili ni midogo na inakaribia kulingana. Haina uchawi ndani. Kazi yake ni kutoingilia.

Hii diski haikuchoreshi, inakuambia ukweli

Hapa ndipo pointi yenyewe iko, na hapa ndipo unaokoa pesa na miezi yako.

Diski zenye kufifia sana zinaficha makosa. Ukiirusha ikiwa imeinama kulia kimakosa, inajirudisha kushoto, inaangukia sawa, na wewe unajiona fundi. Kumbe umefunza mkono wako makosa, na siku moja utahitaji mrusho wa kweli uukose.

Ya kunyooka haina huo urafiki. Inaruka vile imeachiliwa. Isome hivi:

- Inainamia kushoto tangu mwanzo. Uliiachilia upande wa kushoto ukiwa chini. Weka bega na mkono sambamba na ardhi.
- Inaenda kulia na hairudi. Kiganja kiligeuka juu wakati wa kuachilia, ama umeinama nyuma. Wengi hufanya hivi wakilazimisha nguvu.
- Inapanda juu, inasimama kama drone, kisha inaanguka kushoto. Pua iko juu. Shusha kifundo cha mkono kidogo, na uvute diski kwa mstari wa kifua, usiipandishe kama unaanika nguo.
- Inatetemeka. Mshiko umelegea, haikupata mzunguko wa kutosha. Finya zaidi pale mwishoni.
- Inanyooka poa, lakini inaelekea mti tofauti. Hii ndiyo ya maana zaidi. Diski iko sawa, mkono uko sawa, saa ndiyo mbaya. Ukiachilia mapema inaenda kushoto kwa lengo, ukichelewa inaenda kulia.

Umeona? Kosa la kuinamisha na kosa la saa ni magonjwa mawili. Kwa draiva yote yanafanana: diski imepotea. Kwa midirenji ya kunyooka, moja inachora upinde na nyingine inachora mstari ulionyooka kwenda mahali pabaya. Ukijua unaumwa na gani, dawa ni rahisi.

Na simu ndiyo kocha. Weka kamera nyuma yako, jirekodi, angalia polepole. Usicheke. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kuangalia video za YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing na mita 92.72. Yule hakuanza na vifaa vya bei. Alianza na kuangalia.

Sasa tuko Asumbi: hewa, upepo na mahindi

Diski haijali jina la mahali, lakini inajali hewa yake.

*Urefu wa mahali.* Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na Asumbi iko juu ya ziwa. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 10 hivi au zaidi. Hewa nyepesi inabeba diski kidogo tu na kuigeuza kidogo tu. Kwa hivyo diski ya -1 itaonekana kama haigeuki sana, na itashuka mapema kidogo kuliko ulivyoona kwa video ya California ya pwani. Si tofauti ya kutisha, lakini usidhani umeharibu. Kwa mtu anayeanza huku kwetu, ile ya -1 mara nyingi ndiyo inanyooka kuliko ya 0.

*Upepo.* Mchana nchi kavu ikipata joto, hewa ya ziwa husogea kuja juu. Upepo ukikuja usoni, diski inajihisi iko na kasi zaidi: inaenda kulia na kupanda. Irushe chini, taratibu, na uiinamishe kushoto kidogo. Upepo ukitoka mgongoni, diski inajihisi polepole: inashuka haraka na kufifia kushoto. Irushe juu kidogo. Asubuhi mapema ndio saa poa ya kujifunza, kwa sababu upepo umelala na ukweli wa mkono unaonekana.

*Mvua.* Ikinyesha jioni, diski iliyoloa inateleza vidoleni na kuelekea inakotaka. Beba kitambaa kikavu. Hakuna mbinu nyingine.

*Shamba.* Hii ndiyo inauma mfuko. Ukishuka upande wa Ndhiwa na Awendo kuna miwa, na diski ikiingia kwa miwa, sema kwaheri. Mahindi yakiwa marefu ni hivyo hivyo. Diski ya kunyooka ina faida moja hapa: hata ukikosa, unajua imeangukia upande gani, maana haikukata kona. Nunua rangi ya kung'aa, ya waridi au ya machungwa. Kijani ni ya kutafuta mpaka usiku. Andika namba yako ya simu nyuma, na kama iko kwa shamba la mtu, piga hodi kwanza. Jaduong' akikukuta katikati ya mahindi yake bila salamu, hatasikia hiyo stori yako ya diski.

Ukinunua, angalia nini?

Marekani, midirenji mpya huwa dola 10 hadi 20 hivi kulingana na plastiki. Weka usafiri na ushuru juu, na bei inapanda. Ndio maana tunasisitiza moja tu.

Plastiki ya bei ya chini inashika vizuri mkononi lakini inachakaa haraka. Ikigonga mawe na miti miezi kadhaa, inaanza kugeuka kulia zaidi. Plastiki ngumu ya bei ya juu inakaa na tabia yake muda mrefu. Kwa uwanja wa mawe na miti, ya pili inalipa.

Gramu 170 na kitu ni sawa kwa mtu mzima. Ya 150 inafaa mtoto au mkono mwepesi, lakini upepo unaichezea. Na usiiache kwa dashibodi ya gari juani, itajikunja.

Kama mko na mbogi ya ultimate Nairobi ama Kampala na mna ile diski kubwa ya gramu 175, pia inanyooka na kuelea, mnaweza kuanza nayo. Ila ni pana, upepo unaibeba, na haina ukingo wa kukata hewa. Kifuniko cha ndoo nacho, wacha kikae kwa ndoo.

Jinsi ya kuanza leo jioni

1. Tafuta uwazi wa mita 60 hivi. Kama ni uwanja wa shule, omba ruhusa. Usirushe kama kuna watoto, ng'ombe au pikipiki mbele. Gramu 175 ikikupata jichoni si mchezo.
2. Chagua mti. Sheria yako: diski ikigusa shina kati ya goti na bega, imeingia. Ndivyo walivyoanza Oak Grove, bila minyororo.
3. Simama tu, usikimbie. Vuta diski karibu na kifua kama unawasha injini ya boti pale ufuoni Homa Bay: polepole mwanzo, kisha nguvu yote mwishoni.
4. Rusha mara kumi ukiwa sambamba kabisa. Hesabu ngapi ziliangukia ndani ya hatua kumi za mstari.
5. Rusha kumi zikiwa zimeinama kushoto, na kumi zimeinama kulia. Ya kunyooka itashikilia pembe utakayoipa. Hapo ndipo unaona kwa nini diski moja inatosha: ukiinama inakuwa ya kushoto, ukigeuza inakuwa ya kulia, ukitulia inanyooka.
6. Ongeza nguvu tu ukifikisha saba kati ya kumi. Kabla ya hapo, nguvu inaongeza makosa tu.

Wakishakuona, mabinamu watakuja. Wape diski ile ile. Miti mitano kuzunguka boma, kila mtu arushe kwa zamu, anayeshindwa aende kuchota maji. Hapo mna mashindano kamili, na gharama yote ni ile diski moja.

Draiva itakungoja. Siku midirenji yako itafika mita 75 ikiwa imenyooka, mara nane kati ya kumi, mkono wako utakuwa umefika bei ya draiva. Kabla ya siku hiyo, mtu akikuonyesha diski ya namba 12 na kukuambia itakupeleka mbali, muulize tu: mbali upande gani?